Bula Matari alitafuta nyumba: maisha ya Henry Morton Stanley

Ukiwa Kisangani, Kindu, Bunia, Beni ao Uvira, jina la Stanley ulilisikia mbele ya kujua kusoma. Wazee wa Kisangani mpaka leo wanasema walizaliwa Stan, maana yake Stanleyville. Kwenye masomo tulifundishwa kwamba Stanley njo mzungu aliyeshuka mto wetu kutoka Nyangwe mpaka karibu na bahari, kisha akarudi kumtengenezea mfalme Leopold wa pili njia ya kuchukua inchi. Hayo yote ni kweli.

Lakini kuna upande mmoja ambao wengi wetu hatukuambiwa. Huyu mtu ambaye wazee wetu walimuogopa alikuwa mtoto aliyekataliwa na mama yake mzazi. Tangu utoto mpaka akafikia karibu miaka 50, alikuwa anatafuta mtu wa kumkubali, bibi wa kumpenda, na mlango ambao angeweza kuusukuma bila kupiga hodi. Tunaeleza maisha yake leo bila nia ya kumsafisha. Damu iliyomwagika kwenye mito yetu haioshwi na machozi ya mtoto. Lakini ni vizuri kujua ni mtu wa namna gani alipita kwetu.

MTOTO BILA BABA

Stanley hakuzaliwa Stanley. Alizaliwa tarehe 28 mwezi wa kwanza 1841 kwenye mji mdogo wa Denbigh, kaskazini mwa Wales, upande wa magharibi wa Uingereza. Jina lake lilikuwa John Rowlands. Mama yake, Elizabeth Parry, alikuwa msichana ambaye hajaolewa. Kanisani, kwenye kitabu cha ubatizo, waliandika wazi kwamba ni mtoto wa haramu. Baba yake ni nani? Wengine walimtaja mlevi mmoja aliyekuwa na jina lilelile la John Rowlands, wengine wakamtaja mwanasheria wa mji. Mtoto mwenyewe hakulelewa na baba yeyote.

Mama hakubaki naye. Alienda kutafuta maisha, akamwachia baba yake, mzee Moses Parry, aliyekuwa muuza nyama. Babu alimpenda sana mjukuu wake. Lakini mwaka 1846, mtoto akiwa na miaka mitano, mzee alianguka ghafla na kufa. Wajomba hawakutaka kumuingiza nyumbani kwao. Walimweka kwa jirani, familia ya Price, na kulipa franga kidogo kila wiki kwa chakula chake. Nyuma ya miezi michache wakaacha kulipa.

Tarehe 20 mwezi wa pili 1847, kijana wa ile familia alimbeba mtoto mabegani na kumwambia kwamba wanaenda kumtembelea dada ya mama yake. Walitembea kilometa nyingi. Kumbe walikuwa wanaenda St Asaph, kwenye nyumba kubwa ya mawe ambamo serikali ilikuwa inafungia maskini, wazee wasio na watu, wagonjwa wa akili na watoto yatima. Kijana akapiga kengele, mlango ukafunguka, mtoto akavutwa ndani. Yule aliyemleta akageuka na kuondoka. Stanley mwenyewe alieleza hii siku akiwa mzee, na inaonekana hakuisahau hata siku moja. Alikuwa na miaka sita.

MAMA ANAPITA MBELE YAKE

Alikaa humo miaka tisa. Mule ndani mtoto alipewa nguo za nyumba, akakatwa nywele, na kuamka kwa kengele. Alikuwa na akili nyingi. Alijua kuchora, alipenda kusoma, na askofu wa pale alimpa zawadi ya Biblia kwa juhudi yake. Lakini hapakuwa mtu wa kufurahia hiyo zawadi pamoja naye.

Siku moja, alipokuwa na miaka kama tisa, mkubwa wa nyumba alimwita na kumuonyesha mwanamke mmoja mrefu aliyeingia na watoto wawili. Alimuuliza kama anamjua. Mtoto akasema hapana. Ndipo akaambiwa kwamba yule ni mama yake. Elizabeth alikuwa ameishiwa, ameomba kuingizwa sawa maskini wengine, pamoja na watoto wengine aliozaa. Kijana alimuangalia akitumaini kuona uso wa upendo. Mama akamuangalia kwa baridi, hakusema kitu. Nyuma ya siku chache akaondoka tena na kumwacha palepale.

Mwaka 1856, akiwa na miaka 15, alitoka St Asaph. Alizunguka kwa ndugu za mama yake: huku anafundisha watoto, kule anachunga kondoo, pengine anabeba nyama ya muuza nyama mjini Liverpool. Kila nyumba alipokelewa kwa muda, kisha akaonyeshwa kwamba yeye ni mdomo wa kuongezea wengine kazi. Wale waliolelewa kwenye parsele ya watu wanajua jambo hili vizuri: hawakufukuzi kwa mdomo, lakini sahani inakuambia. Mwisho wa mwaka 1858 alipanda meli kama kijana wa kazi, akavuka bahari mpaka New Orleans, Marekani. Kufika tu akatoroka meli. Hakuwa na mtu hata mmoja anayemjua kwenye inchi ile kubwa.

JINA LA KUAZIMA

Ni kule Marekani ndiko John Rowlands alikufa na Stanley akazaliwa. Kwenye kitabu cha maisha yake alieleza kwamba tajiri mmoja wa biashara ya pamba, Henry Hope Stanley, alimpenda, akamfanya mtoto wake na kumpa jina lake, kisha akafa mwaka 1861. Hadithi nzuri. Lakini watu waliochunguza walikuta kwamba ule tajiri alikufa mwaka 1878, na kwamba hakuna alama yoyote ya kuonyesha alimchukua kijana wa Wales kuwa mtoto wake. Wengi wanaamini leo kwamba Stanley alijitungia baba. Alimuona mtu mwenye heshima, akatamani kuwa wa kwake, akachukua jina bila ruhusa.

Ilipoanza vita ya wenyewe kwa wenyewe Marekani, aliingia upande wa kusini. Mwezi wa nne 1862 alikamatwa kwenye vita ya Shiloh, akafungwa karibu na Chicago. Juu ya kutoka kifungoni, akakubali kuvaa nguo za upande wa kaskazini. Ugonjwa wa kuhara damu ukamwangusha, jeshi likamwacha. Akiwa mgonjwa, mchafu, bila franga, alirudi Wales mwisho wa ule mwaka kumtafuta mama yake.

Elizabeth alikuwa ameolewa, na alikuwa na baa ndogo kijijini. Alipofungua mlango alimuona kijana aliyechakaa. Hakumkumbatia. Alimfahamisha kwamba anawaletea haya mbele ya majirani, na kwamba asirudi tena kama hali yake haijabadilika. Alilala pale usiku mmoja tu, kisha akaondoka.

Mwaka 1866 akarudi tena Denbigh. Mara hii alivaa nguo za afisa wa jeshi la maji la Marekani, cheo ambacho hakuwa nacho. Mama akampokea vizuri. Watoto wa St Asaph wakaletewa keki na chai kwa heshima yake. Kwa yule kijana, somo lilikuwa wazi: mtu anapendwa kwa kile anachorudi nacho. Ukirudi mikono mitupu, hauna mama. Somo hilo lilimharibu, na alilibeba mpaka kwetu.

WASICHANA WAWILI

Stanley akawa mwandishi wa gazeti la New York Herald. Mwaka 1868 alifuata jeshi la Uingereza Ethiopia, na habari zake zikafika mbele ya zote. Alikuwa na miaka 27, ana kazi, ana mshahara. Akataka kuoa.

Ule mwaka, kwenye kisiwa kimoja cha Ugiriki, alimuona msichana aliyeitwa Virginia Ambella. Hawakuwa hata na lugha ya kusemezana vizuri, lakini akaenda kwa wazazi kumuomba. Kazi ya gazeti ikamuita kwingine, na ndoa ikaishia hapo.

Mwaka 1869 kule Denbigh alimpenda Katie Gough-Roberts, binti wa familia yenye heshima. Kwa huyu alifanya jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu: alimuandikia barua ndefu na kumueleza ukweli wote, kwamba alizaliwa bila baba, na kwamba alilelewa St Asaph. Halafu gazeti likamtuma safari ndefu ya kumtafuta Livingstone. Katie hakungoja. Mwaka 1870 aliolewa na mwanaume mwengine. Stanley alibaki na hofu kwamba ile barua ya siri iko mikononi mwa mtu asiyempenda tena.

BABA ALIYEMPATA UJIJI

Mwezi wa kwanza 1871 Stanley alifika Unguja. Daktari David Livingstone, mmisionari Mskoti, alikuwa amepotea ndani ya Afrika. Mwezi wa saba wa ule mwaka Livingstone alikuwa hapa kwetu Maniema, kwenye soko la Nyangwe, na aliona kwa macho yake wafanyabiashara wa watumwa wakipiga risasi wanawake waliokuja kuuza vyakula. Alitoka pale amevunjika moyo, akarudi Ujiji, ng'ambo ya ziwa Tanganyika, bila dawa wala mali. Huko ndiko Stanley alimkuta, karibu na mwisho wa mwaka.

Dunia inakumbuka salamu yao. Sisi tukumbuke kilichofuata. Walikaa pamoja miezi minne. Walipanda mtumbwi pamoja mpaka mwisho wa kaskazini wa ziwa, pale mto Ruzizi unapoingia, jirani na Uvira ya leo. Wazungu walikuwa wanabishana kama Ruzizi inatoka ziwani ao inaingia. Hawa wawili wakaona maji yanaingia, jambo ambalo wavuvi wa pale walilijua tangu zamani.

Livingstone alikuwa na karibu miaka 60, alikuwa mpole, na alimsemesha Stanley sawa mzee anavyosemesha mtoto wake. Stanley alikuwa mkali kwa wabebaji mizigo wake, aliwachapa fimbo. Lakini mbele ya huyu mzee alikuwa mtu mwengine. Alipougua homa, Livingstone alimtunza. Tarehe 14 mwezi wa tatu 1872, karibu na Tabora, waliachana, na Stanley alilia. Mzee alikufa mwaka uliofuata. Mwezi wa nne 1874 Stanley alikuwa kati ya waliobeba sanduku lake katika kanisa kubwa la Westminster Abbey, London.

Aliporudi Ulaya na habari ya Livingstone, alitegemea kupokelewa kwa shangwe. Wakubwa wengi walimcheka na kusema ni muongo. Magazeti yakaanza kuandika kwamba yeye ni John Rowlands wa Denbigh. Stanley akakana mbele ya watu wote, akasisitiza kwamba ni mzaliwa wa Marekani. Mtu aliyetafuta kwao maisha yote, siku kwao walipomtaja, alisema hawajui.

MASHUA YENYE JINA LA MPENZI

Mwezi wa tano 1874, London, Stanley alikutana na Alice Pike, binti wa tajiri wa Marekani. Yeye alikuwa na miaka 33, Alice miaka 17. Msichana alikuwa mcheshi, alipenda muziki na kucheza, na habari za Afrika zilimchosha. Hata hivyo mwezi wa saba, kule New York, waliweka saini kwenye karatasi kwamba wataoana Stanley akirudi nyuma ya miaka miwili.

Alitengenezesha mashua ya mbao yenye urefu wa metre 12, inayoweza kukatwa vipande na kubebwa mabegani, na akaipa jina Lady Alice. Wabebaji kutoka Unguja na Bagamoyo waliibeba tangu pwani mpaka ziwa Victoria, kisha Tanganyika, kisha ndani ya Maniema. Fikiri kidogo: wanaume wetu walitembea maelfu ya kilometa na jina la msichana wa New York begani, na wengi wao walifia njiani.

Ndani ya ile safari Stanley aliua. Mwaka 1875, kwenye kisiwa cha Bumbire katika ziwa Victoria, wakaaji walimtisha na kumzuia. Nyuma ya miezi michache akarudi kulipa kisasi, akapiga risasi watu makumi waliokuwa na mikuki na mishale. Aliandika mwenyewe habari hiyo kwenye gazeti, kana kwamba anatafuta sifa. Huko Uingereza kwenyewe walimlaumu.

Mwezi wa kumi 1876 alifika Maniema na kupatana na Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa, amsindikize. Tarehe 5 mwezi wa kumi na moja walitoka Nyangwe na kuingia pori. Mwisho wa mwaka Tippu Tip akarudi. Stanley akashuka mto na watu wake. Mwezi wa kwanza 1877 walipita maporomoko saba ya Boyoma, juu ya pale Kisangani iko leo. Wakaaji wa ukingo waliona mitumbwi ya wageni wenye bunduki, na kwa sababu ya biashara ya watumwa waliwachukua kuwa wanyang'anyi. Walipigana sehemu nyingi, na moja ya mapigano makubwa ilikuwa pale mto Aruwimi unapoingia.

Kila jioni, kwenye hema, Stanley alikuwa anamuwaza Alice na kumuandikia barua. Maporomoko fulani ya chini aliyapa jina lake. Kumbe Alice alikuwa ameolewa tangu mwezi wa kwanza 1876, na kijana wa familia ya kutengeneza mabehewa ya treni. Stanley alipokuwa anatoka Nyangwe, mpenzi wake alikuwa bibi ya mtu karibu mwaka mzima.

Kuna mwengine alikuwa naye kwenye mto: Kalulu. Huyu alikuwa mtoto mtumwa, jina lake Ndugu M'Hali, ambaye mwarabu mmoja wa Tabora alimtoa zawadi kwa Stanley mwaka 1871. Stanley alimbadilisha jina, akampeleka Uingereza na Marekani, akamtia kwenye masomo, akaandika kitabu chenye jina lake. Alimpenda kwa namna yake. Lakini tuseme ukweli: mtoto aliyebadilishiwa jina na kuvutwa mbali na watu wake alikuwa anaishi maisha yaleyale ya John Rowlands. Mwezi wa tatu 1877 mtumbwi wa Kalulu ulivutwa na maji, akaanguka kwenye maporomoko na kufa. Mwezi wa sita, rafiki yake wa mwisho mzungu, Frank Pocock, akazama vilevile.

Tarehe 9 mwezi wa nane 1877 Stanley alifika Boma, siku 999 tangu atoke Unguja kwa hesabu yake. Wazungu watatu aliotoka nao walikuwa wamekufa, na zaidi ya nusu ya Waafrika walikufa ao walitoroka. Lady Alice waliiacha juu ya jiwe, kwenye maporomoko ya Isangila, imechakaa. Aliporudisha watu wake Unguja mwisho wa mwaka, akakuta barua zinamngoja. Ndimo alijua habari ya Alice. Nywele zake zilikuwa zimekuwa nyeupe.

MFALME ALIYEMTAKA

Uingereza haikutaka kusikia mipango yake juu ya Kongo. Leopold wa pili, mfalme wa Ubelgiji, alimtaka. Mwezi wa sita 1878 alimpokea Bruxelles, akamkalisha karibu, akamsikiliza kwa makini. Kwa mtu mwenye njaa ya kukubaliwa, ile ilikuwa chakula. Leopold alijua kumsoma mtu.

Kati ya 1879 na 1884 Stanley alimfanyia kazi. Alijenga vituo na njia kutoka Vivi mpaka Léopoldville, akapasua mawe ya milima ya Bas-Congo, na hapo watu wakamwita Bula Matari, mvunja mawe kwa Kikongo. Yeye na wazungu wengine wa kazi ile waliwekesha machifu alama kwenye karatasi wasizoweza kusoma, kwa nguo na vitu vidogo. Mwisho wa mwaka 1883 aliweka kituo kwenye maporomoko ya Boyoma, na kutoka humo ukazaliwa mji wa Stanleyville. Mwaka 1885 Leopold akatambuliwa kuwa mwenye inchi nzima. Yaliyofuata, mikono iliyokatwa juu ya mpira, kila familia ya kwetu ina hadithi yake. Jina Bula Matari lilihama kutoka kwa mtu mmoja likawa jina la serikali, ile inayokuja asubuhi kutafuta kodi na watu wa kazi ya lazima.

DOROTHY

Mwaka 1885 London alijuana na Dorothy Tennant. Alikuwa mwanamke wa familia kubwa, na kazi yake ilikuwa kuchora picha. Alipenda kuchora nini? Watoto wa barabarani, wale wenye nguo za kupasuka. Stanley alipoangalia zile picha alikuwa anajiangalia mwenyewe, lakini hakuweza kusema.

Mwezi wa tatu 1886 mama yake Elizabeth akafa. Miezi michache nyuma yake Stanley akamuomba Dorothy ndoa kwa barua. Dorothy akakataa. Alikuwa na miaka 45, na akaamini kwamba amekataliwa juu ya asili yake. Akachukua safari nyingine, kwenda kumuokoa Emin Pasha, gavana wa Misri aliyezungukwa upande wa ziwa Albert.

Hii safari ilipita Kongo, na ndiyo iliyoumiza sana mashariki yetu. Mwezi wa sita 1887 alitoka Yambuya, kwenye Aruwimi, akaingia pori la Ituri na watu 389. Mvua, njaa na mishale ya sumu viliwamaliza. Waliingia vijiji na kuchukua ndizi na mbuzi kwa nguvu, na wakaaji wakajitetea. Walipofika ziwa Albert mwezi wa kumi na mbili, zaidi ya nusu walikuwa wamekufa, wametoroka ao wameachwa njiani. Waliobaki nyuma Yambuya walikufa wengi kwa njaa na magonjwa. Mwaka 1888 Stanley aliona theluji ya Ruwenzori, mlima ambao watu wa Beni wanauona kila mawingu yanapofunguka, na mwaka 1889 akapita bonde la Semuliki kuelekea pwani.

Aliporudi Uingereza 1890 alipokelewa sawa mfalme. Dorothy akamuandikia. Mara ya kwanza Stanley alijibu kwa ukali, kidonda kilikuwa bado. Mwisho akakubali. Tarehe 12 mwezi wa saba 1890 wakaoana Westminster Abbey, kanisa lilelile alimobeba sanduku la Livingstone. Stanley alikuwa na miaka 49. Ile siku tumbo lilikuwa linamuuma vibaya, akaingia na fimbo, na sehemu ya misa akakaa kwenye kiti. Dorothy aliweka maua juu ya kaburi la Livingstone. Mtoto asiyekuwa na baba alioa mbele ya mzee aliyemchagua kuwa baba.

Walipenda kuzaa, hawakupata. Mwaka 1896 walichukua mtoto mchanga kutoka Wales, wakamwita Denzil. Hakuna kazi Stanley alifanya kwa furaha zaidi. Alimtembeza, alimnunulia vitu vya kuchezea, alimfundisha kwa uvumilivu ambao wabebaji wake hawakuuona kamwe. Alikuwa mbunge tangu 1895 lakini siasa haikumfurahisha. Mwaka 1898 walinunua nyumba kijijini Pirbright. Sehemu za shamba wakazipa majina ya kwetu: kijito kikaitwa Congo, pori dogo likaitwa Aruwimi. Hapo njo alipata nyumba ya kwake, akiwa karibu na miaka 60.

MLANGO WA MWISHO

Mwaka 1903 mwili wake ulipooza upande mmoja. Mwanzo wa 1904 ripoti ya balozi Roger Casement ilitangaza kwa dunia mateso ya Kongo ya Leopold. Tarehe 10 mwezi wa tano Stanley akafa London, akiwa na miaka 63. Alitamani kuzikwa karibu na Livingstone. Mkubwa wa Westminster Abbey akakataa. Hata akiwa maiti alifungiwa mlango. Walimzika Pirbright, na Dorothy akaweka juu yake jiwe kubwa lisilochongwa, lenye jina Bula Matari na neno Afrika.

Huku kwetu Stanleyville ikawa Kisangani mwaka 1966, na sanamu yake ya Kinshasa ikaondolewa 1971. Denbigh walimwekea sanamu mwaka 2011, wakabishana, na 2021 wakaaji wengi wakapiga kura ibaki.

Mtu anaweza kuuliza: sasa hiyo huzuni yake inatuhusu nini? Watoto wengi wamekataliwa na hawakuchukua bunduki. Kukataliwa hakumlazimishi mtu kuua, na Stanley alichagua mwenyewe kila risasi. Lakini Leopold hakumkuta kwa bahati. Alimkuta mtu aliyeamini kwamba hatapendwa mpaka alete kitu kikubwa, na akamuonyesha kitu cha kuleta. Kitu hicho kilikuwa inchi yetu.

Kwenye avenyu zetu, Goma, Bukavu, Bunia, kuna watoto wengi ambao vita viliwaachia mashangazi, majirani na barabara. Wengine wanaitwa majina mabaya mbele ya wageni, sawa ile kalamu ya kanisa la Denbigh. Na kila mara kuna mkubwa fulani porini, mwenye bunduki za kugawa, anayejua kumkalisha kijana karibu na kumsikiliza kwa makini. Yule mtoto anayekula kwako leo, muulize ameshindaje, mbele mwengine hajamuuliza.